Sauti Iliyobaki Migombani

Anyosisye Mwakalukwa alikuwa mwana wa Gwamaka, aliyeamua kesi za maji katika miteremko ya Rungwe, na hakuna hukumu yake hata moja iliyopata kutenguliwa. Gwamaka alizaliwa na Ndimbwelu, aliyejenga shule kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe, akafundisha humo mpaka macho yakamwisha nguvu. Ndimbwelu naye alizaliwa na Mwakalukwa wa kwanza, ambaye jina lake lilitosha kuwa dhamana: mtu akisema ametumwa na Mwakalukwa, alikabidhiwa ng'ombe bila shahidi. Katika ukoo huo hakutokea mwizi, hakutokea mlevi wa kulala njiani, wala hakutokea mwanamume aliyeketi chumba kimoja na mkaza mwana wake.

Hili la mwisho ndilo lililokuwa likitajwa kwanza watu walipowasifu. Mwiko wa wakwe ulikuwa umefifia zamani, watu walipokuwa mijini wakila meza moja bila kujali nani ni nani. Kisha ikaja miaka ya njaa na kutawanyika, na wale waliorejea milimani wakaapa kushika yote ya kale, isipokuwa dawa na umeme, ambavyo wangevichukua vya sasa. Ndivyo ilivyokuwa kwamba katika boma la Mzee Anyosisye taa ziliwaka kwa mvuke uliovutwa kutoka tumboni mwa mlima, chai ilichumwa na mashine zisizo na mtu, na Subilaga, mjane wa mwanawe Lwitiko, alikuwa na kijia chake peke yake kati ya migomba ili asionane na baba mkwe. Tangu siku aliyoolewa, Mzee hakuwa amesikia hata kikohozi chake.

Kwa hiyo asubuhi ile, sauti ya mwanamke ilipopasuka kutoka migombani, Mzee hakuitambua.

"Tusekile! Toka hapo! Kapu linakuja!"

Mzee alikuwa barazani anakunywa chai. Aliinua macho, akamwona mjukuu wake Tusekile amesimama chini ya waya ambao makapu ya chai huteremkia kiwandani, ameinama anafunga kamba ya kiatu. Kapu lilikuwa linakuja kwa mwendo wake wa kawaida, zito, limejaa majani mabichi.

"Tusekile, mwanangu! Toka!"

Msichana hakugeuza hata shingo. Alikuwa akiimba taratibu, kama mtu aliye peke yake duniani. Kapu likampiga begani, likamtupa juu ya matuta ya viazi.

Mzee alifika akiwa ameacha fimbo yake barazani. Upande wa pili wa shamba aliiona kanga ya bluu ikikimbia kuja, ikasita, ikamwona yeye, kisha ikarudi nyuma na kujikunja nyuma ya mgomba. Hapo ndipo alipojua ile sauti ilikuwa ya nani. Alijua pia, kwa hasira, kwamba mama alikuwa amevunja mwiko ili kumwokoa mwanawe, na mwana hakujishughulisha kugeuka.

*

Mfupa wa bega ulifungwa siku ileile. Jioni ilipokaribia, Mzee alimwita Tusekile sebuleni. Bibi yake, mama Lwitiko, alikaa pembeni akimenya ndizi, maana hakuwa mtu wa kukosa mashauri.

"Simama wima," alisema Mzee.

"Bega linauma, babu."

"Simama wima kwa upande usiouma. Mama yako amekuita mara mbili. Mara mbili! Mimi niliye mzee nimesikia, wewe mwenye umri wa miaka kumi na saba umejitia kiziwi. Nani amekufundisha dharau hiyo?"

Tusekile alimtazama babu yake, kisha bibi yake, kisha sakafu.

"Mama hakuniita."

"Mwongo!"

"Babu, mama hajanisemesha tangu nilipowekewa Mlinzi. Ananipikia, ananisuka nywele. Namwona anachezesha midomo, lakini sauti haitoki. Nilidhani umemkataza asiseme nami. Nilidhani mmeniona nina mkosi, kwa ajili ya Ipyana."

Kisu cha mama Lwitiko kilisimama juu ya ndizi.

"Na miezi yote hii hukusema?" aliuliza bibi.

"Niseme nini, bibi? Nikisema nasikia sauti, napelekwa zahanati. Nikisema sisikii, si nitapelekwa vilevile?"

Ipyana alikuwa kaka yake. Kifafa kilimwangusha jikoni siku ambayo watu wote walikuwa shambani, akaangukia mafiga. Baada ya mazishi, kifafa kilekile kikamshika Tusekile, na pamoja nacho zikaja sauti. Kwa nusu mwaka walimfungia mlango wa jikoni kwa kufuli. Walipomwekea Mlinzi, kidude kidogo kama punje ya hindi chini ya ngozi nyuma ya sikio, chenye nyuzi nyembamba kuliko unywele zilizoingia ubongoni, anguko lilikoma na sauti zikanyamaza. Alirudi shuleni. Akanenepa. Mzee alikuwa amesimama katika baraza la kata na kukisifu kidude kile mbele ya watu wote.

"Kesho zahanati," alisema hatimaye, na safari hii sauti yake haikuwa na ukali.

*

Daktari Tumpe Mbonile alikuwa na kazi ya ziada kila alipolihudumia boma lenye kushika mwiko. Mzee alitolewa nje ili Subilaga aingie na kusema na binti yake. Kisha Subilaga akatolewa kwa mlango wa nyuma ili Mzee arudi ndani. Alipoketi, daktari alimgeuzia kioo.

"Nitakuonyesha polepole, Mzee, ili usije ukasema nimekuficha."

Alimpigia Tusekile mlio mfupi, halafu mwingine wa namna ileile. Kwenye kioo ukainuka mlima, na baada yake kichuguu.

"Kila kinachosikika, ubongo hukijibu kwa umeme. Wako na wangu huupokea mlio wa kwanza kwa kishindo, na wa pili, ukiwa ni uleule, huupuuza. Zamani ubongo wa Tusekile uliinua mlima kwa kila mlio. Haukuwa na bawabu. Kila kilichobisha kiliingia, hata kile kilichotoka ndani yake mwenyewe. Na ubongo uliojaa wageni kiasi hicho, ikafika mahali chembe zake zote zikapiga kelele kwa pamoja. Hicho ndicho kifafa chake. Mlinzi ndiye bawabu tuliyemwajiri."

"Hayo ulinieleza. Nieleze la mama yake."

Daktari aliita mchoro mwingine. Mstari ulianza kupanda kidogo, kisha ukalala chini, bapa, kama nyasi iliyokanyagwa.

"Huyo ni Subilaga, akimwita mwanawe kwa jina ulipokuwa nje. Sikio limesikia. Ubongo umeanza kujibu. Mlinzi amelizima jibu kabla Tusekile hajajua kwamba ameitwa."

"Kwa nini? Ni mama yake mzazi!"

"Mlinzi hajui mama ni nani. Anajua aliyofundishwa." Daktari alikunja mikono mapajani. "Unakumbuka tulipofanya Kikao cha Sauti nyumbani kwako? Uzi ukiwa bado mbichi ubongoni, jamaa wote huketi mbele ya mgonjwa, wakasema mmoja mmoja, Mlinzi akawajua. Kati ya sauti alizokuwa akizisikia kichwani, isiyosemwa siku hiyo huhesabiwa kuwa ya ugonjwa."

"Mbona hukumwita?"

"Nilimwita, Mzee. Alifika mpaka migombani, akaketi chini, akajifunika kanga usoni. Asingeweza kupita. Wewe ulikuwa umeketi mlangoni."

"Ungeniambia niondoke."

"Nilikuambia mkuu wa ukoo anaweza kwenda kupumzika. Ulinijibu kwamba Mwakalukwa hapumziki ushahidi ukiendelea."

Mzee aliyakumbuka maneno hayo, na alivyoyasema kwa sauti ili majirani wayasikie. Aliitazama mikono yake.

"Basi mfundishe sasa. Niko tayari kwenda hata Mbeya mjini kukaa huko mpaka mmalize."

"Uzi umekwisha kuota, Mzee. Haufundishwi upya. Ninachoweza ni kuufungua mlango huo moja kwa moja. Lakini nyuma ya mlango huohuo amesimama mwingine." Daktari alimgeukia msichana. "Mwambie babu yako ile sauti mbaya ilikuwa ya nani."

Tusekile alichezea bandeji yake.

"Ya mama," alisema. "Ilikuwa ya mama kabisa, hata kule kuvuta pumzi kwake. Ilisema, njoo uote moto, mwanangu, Ipyana yuko huku."

Mvua ilikuwa imeanza juu ya mabati. Daktari aliongeza kwa sauti ya chini kwamba kila anguko la Tusekile lilianza na sauti hiyo. Kwamba mawimbi ya mama wa kweli na ya mama wa uongo yalikuwa yamesukwa pamoja, na hakuwa na chombo cha kuyafumua. Akifungua, mama angerudi, na huenda moto ungerudi naye. Akiacha, Tusekile angeishi, angesoma, angezeeka, na asimsikie mama yake mpaka kaburini.

"Niulizeni mimi," Tusekile alisema.

Daktari alimtazama Mzee. "Sheria ya kata unaijua. Aliyewekewa Mlinzi hana kauli juu ya Mlinzi. Kauli ni ya mkuu wa ukoo."

Mzee aliijua vizuri. Hoja iliyoipitisha ilikuwa yake, na watu walikuwa wameishangilia: mtu ambaye kichwa chake kimewahi kumwita motoni hawezi kukisemea kichwa hicho.

*

Nyumbani, mashauri yalikwenda kwa miguu ya mama Lwitiko. Mzee alikaa barazani, Subilaga alikaa jikoni, na kati yao bibi akawa anakwenda na kurudi na maneno.

"Mwambie kwamba kosa halikuwa la mtoto. Mtoto hasikii. Mwambie na sababu yake."

Mama Lwitiko alikwenda, akarudi akifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Anasema alikwisha kujua kwamba hasikiwi. Alidhani mtoto anamchukia kwa kuwa siku ya Ipyana ni yeye aliyeacha moto unawaka."

"Mwambie daktari anaweza kufungua. Mwambie na hatari yake. Anasemaje?"

Bibi alikwenda. Alipochelewa, Mzee alianza kugonga sakafu kwa fimbo. Aliporudi, alisimama mbele yake na kuyasema maneno kama alivyopewa, bila kuyapunguza.

"Anasema: mwambieni baba, mtoto asiyenisikia nampikia akala. Aliyekufa nitampikia nini? Waache kama ilivyo."

"Mwambie mama ana haki ya kusikiwa na mwanawe."

"Mwakalukwa, miguu hii si waya wa simu! Amekwisha sema. Haki hiyo ameiacha. Unataka kumlazimisha?"

"Nataka kutengeneza kilichoharibika."

"Kilichoharibika, au jina?" Mama Lwitiko alijitupa kwenye kigoda. Alikuwa mtu pekee aliyeweza kumwambia hivyo bila ya kuinuka na kukimbia baadaye. "Ukifungua akafa, watu watasema Mzee alijaribu. Usipofungua, watasema Mzee alikaa mlangoni. Wewe unachagua lipi likusitiri."

Hapo Tusekile, aliyekuwa amejibanza nyuma ya mlango kama paka, alitoka.

"Babu, mmeulizana wote. Mimi bado."

"Huna kauli, mama," alisema bibi yake kwa upole.

"Kichwa ninacho, kauli sina." Alikaa kwenye ngazi, bega lake jeupe kwa bandeji. "Namtaka mama. Lakini moto siutaki. Mnadhani mimi siuogopi kwa kuwa naliita jina la mama? Naulilia mlango wa jikoni mpaka leo nikiupita."

Mzee akafanya jambo lisilokuwa katika sheria: akamwuliza.

"Wewe ungefanyaje?"

Msichana alishangaa kidogo, kama aliyesukuma mlango mzito akakuta haukukomewa.

"Sijui. Ningetafuta namna ya kumjua nani ni nani. Wa uongo alikuwa na tabia zake. Alikuja nikiwa peke yangu. Na wakati mwingine alikuja na bibi, wakabishana juu yangu."

"Mimi?" mama Lwitiko alishtuka.

"Bibi, wewe hubishana hata usipokuwepo."

Bibi alicheka, kisha akaona aibu kwa kucheka.

"Na mimi?" aliuliza Mzee. "Nilikuja nikasema nini?"

"Wewe hukuja hata siku moja. Nilipokusikia ukikohoa barazani, wote walinyamaza." Tusekile aliinua bega lake zima. "Nadhani hata wao wanakuogopa, babu."

*

Daktari Tumpe aliposikia habari hiyo, alikaa na michoro yake wiki nzima, kisha akawaita. Alisema kuna njia, nyembamba sana, na akawasihi wasiisifu kabla ya kuipita. Uzi usingeweza kufundishwa sauti mpya, lakini ungeweza kufundishwa sauti mbili kwa pamoja, ikiwa mojawapo ni ile ambayo ugonjwa haukupata kuiiga. Mlinzi angeambiwa hivi: sauti ya mama ikija peke yake, izime; ikija imeshikana na sauti ya babu, ipitishe.

"Kwa hiyo nitoe sauti yangu muiweke ndani ya chombo," alisema Mzee. "Awe nacho mfukoni."

"Tumejaribu kwa wengine. Chombo kikisema, ubongo huinua kichuguu tu. Mtu akiwapo, huinua mlima. Itabidi uwepo mwenyewe, Mzee. Wewe na Subilaga, chumba kimoja, mkisemezana. Leo, na kila siku ambayo Tusekile atataka kumsikia mama yake."

Mzee alielewa kabla daktari hajamaliza. Kanuni ya baraza haikuwa na mwanya: mwanamume atakayeketi na mkaza mwana wake ataondoka kwenye kiti cha ukoo, neno lake lisihesabiwe tena. Alifikiri habari za Gwamaka na kesi za maji. Alifikiri habari za shule ya matofali. Vilikuwa vitu vizito, na alikuwa amevibeba vizuri kwa miaka mingi. Hakutaka kuwa yeye wa kuviangusha.

"Na nikifa?"

"Mlango utafungwa."

"Na ikiwa nitachelewa kusema, leo, hapa?"

"Sauti ya mama itakuwa peke yake, na nimelegeza Mlinzi ili ajifunze. Usichelewe."

Subilaga aliingizwa kwa mlango wa mbele. Hakuwahi kupita mlango wowote Mzee akiwa ndani. Alikuwa mwanamke mrefu kuliko Mzee alivyodhania, mwenye mvi mbili tatu juu ya sikio, na alisimama akiutazama ukuta huku kanga ikiwa imefunika nusu ya uso. Mzee naye aliutazama ukuta mwingine. Kati yao Tusekile alikuwa amelala kitandani, nyaya zimemtoka kichwani kama mizizi.

"Subilaga, anza," alisema daktari. "Msalimie baba. Baba atakuitikia."

Subilaga alifungua kinywa. Hakuna kilichotoka. Alijaribu tena, koo lilipanda na kushuka. Ujana wake wote alikuwa amelifundisha koo hilo kujifunga mtu huyu akiwa karibu, na sasa lilikuwa linafanya kazi yake.

"Mama," alisema Tusekile akiwa amefumba macho, "mimi sisikii chochote. Unasema?"

Ndipo sauti ikamtoka Subilaga, ndogo, iliyokwaruza.

"Umelalaje, baba?"

Mstari ukapanda kwenye kioo. Macho ya Tusekile yakafunguka kwa ghafla. Sasa ilikuwa zamu ya Mzee, na Mzee Anyosisye Mwakalukwa, ambaye hakuwahi kukosa neno mbele ya baraza lolote, alikuta ulimi wake umelala mdomoni kama jiwe. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Aliona kana kwamba wazee wote wa ukoo wamesimama dirishani wanamtazama.

Vidole vya Tusekile vilianza kucheza. Kidole gumba, kisha mkono mzima. Mstari ukawa msitu.

"Mzee!" alipaza sauti daktari. "Sema!"

"Nasikia harufu ya moshi," alinong'ona Tusekile, na shingo yake ikaanza kupinda upande.

Subilaga aligeuka kutoka ukutani. Kanga ilimdondoka. Alimtazama baba mkwe wake usoni, jambo ambalo hakuna mkaza mwana wa boma lile aliyepata kulifanya, akasema kwa sauti kubwa, karibu kwa ukali:

"Baba, nimekusalimu! Umelalaje?"

"Nimelala vizuri!" Mzee alilia. "Nimelala vizuri, mwanangu! Na wewe umelalaje?"

"Nimelala vizuri, baba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Na wewe... na wewe hujambo?"

"Sijambo, baba."

Waliendelea hivyo, wakisalimiana maamkio waliyowekeana deni tangu siku ya harusi, wakiulizana habari za migomba, za mvua, za ng'ombe ambao wote wawili walijua hali zao, mmoja akishika neno kabla la mwenzake halijaanguka. Msitu kwenye kioo ulipungua, ukawa vilima, ukawa mlima mmoja na kichuguu. Mkono wa Tusekile ulitulia. Daktari alijifuta jasho kwa kiwiko.

Baada ya kitambo msichana alisema, "Mama."

"Naam, mwanangu," alijibu Subilaga, na Mzee, ili neno hilo lipate kupita, akasema pamoja naye, "Naam, mwanangu."

"Sauti yako imekuwa nzito," alisema Tusekile, akaanza kulia. "Yule mwingine ana sauti changa."

*

Kiti cha ukoo kilichukuliwa kabla ya mahindi kukomaa. Aliyekirithi ni Asegelile, mwana wa mdogo wake, kijana msomi mwenye heshima, aliyekuja pamoja na vijana wenzake wa ukoo kukibeba. Walimkuta Mzee sebuleni, Subilaga upande huu, yeye upande ule, Tusekile katikati akiwa na vitabu vyake. Mama alikuwa akimsimulia binti yake jinsi Ipyana alivyojifunza kutembea, na Mzee alikuwa akiitikia kila sentensi, "Ehe. Ehe," ili mlango usijifunge. Kikohozi cha majira ya baridi kilikuwa hakijamtoka kifuani. Kilipomshika, simulizi ilikatika, na Tusekile akamtazama mama yake midomo tu, akisubiri babu apate pumzi.

Vijana waligeuza nyuso kwa aibu ya kuona wakwe wameketi hivyo.

"Msigeuke," alisema Mzee. "Asegelile, weka kiti chini."

"Baba mkubwa, tunaelewa ilivyokuwa. Tutakusemea katika baraza la kata."

"Sihitaji kusemewa. Kanuni ni ya haki na nimeivunja, chukueni kiti. Nimekaa juu yake miaka mingi kwa unyoofu, na ninyi mtakaa kwa unyoofu, wala sitaki kusikia kinyume." Kikohozi kilimkatiza tena. Kwa muda wote huo Tusekile aliushika mkono wa mama yake, hamsikii. "Kuna watoto wengine wenye kifafa katika kata hii, na wengine wanaosikia sauti. Watawekewa Mlinzi, na ninyi ndio mtakaowasemea. Watu watawaambia ninyi ni wakuu wa ukoo, kaeni mlangoni. Basi nawaamuru, na nataka mnitazame machoni ninapowaamuru. Kabla ya yote mwulizeni mtoto mwenyewe, maana kichwa ni chake. Kisha inukeni mlangoni, mtoke nje, mkatafute nani hajaingia. Mkamtafute jikoni, mkamtafute migombani. Na msirudi ndani mpaka amesema."

Asegelile alifungua kinywa kutaka kuuliza.

"Baadaye," alisema Mzee, akimgeukia Subilaga. "Muda nilio nao ni huu, na mwanangu huyu alikuwa bado anasimulia. Kaeni chini ninyi nyote. Nyamazeni, msikilize."